Wimbo wako unapigwa ng'ambo: mirabaha ya redio za intaneti na podikasti

Msomaji wetu wa Arua ameuliza hivi: “Ninaimba kwa Kiswahili na Kilugbara, na nyimbo zangu nimezitoa kupitia kampuni ya usambazaji ya mtandaoni. Binamu yangu aliyeko Texas ananiambia kwamba redio moja ya intaneti ya Waafrika wa huko hupiga wimbo wangu mmoja karibu kila siku. Tena podikasti moja ya Nairobi imechukua mwanzo wa wimbo huohuo, pale panapolia adungu, yaani kinubi chetu cha jadi, ikaufanya muziki wa kufungulia kipindi. Sijapata hata senti. Je, nina haki ya kulipwa, na nianzie wapi?”

Haki ya kulipwa unayo kwa yote mawili, ndugu yangu, ila njia za kuifikia pesa hiyo ni tofauti kabisa, na wasanii wengi hukwama kwa sababu huzichanganya. Upande wa redio ya intaneti ya Marekani, sheria ya huko imekwisha kukutengea fungu: kituo hulipa hata kama hakikujui, na chombo kinachopokea malipo hayo hukutunzia kwa muda mpaka ujitokeze. Upande wa podikasti hakuna fungu linalokungoja mahali popote. Pesa yake hutokana na makubaliano kati yako na mwenye kipindi, na usipoyadai wewe, hakuna chombo kitakachoyadai kwa niaba yako.

Kwanza tutenganishe mali mbili zilizomo ndani ya wimbo mmoja, kwa maana kila malipo nitakayoyataja yanafuata moja kati ya hizo. Kuna tungo, yaani maneno na mahadhi, ambayo ni mali ya mtunzi. Kisha kuna rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio, ambayo ina mwenyewe, na ndani yake wamo wasanii walioimba na kupiga ala. Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inalinda zote mbili. Mtunzi analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, nao waimbaji, wapigaji na watayarishaji wa rekodi wana haki zao zinazoitwa haki jirani. Ulinzi huo huanza mara tu kazi inapowekwa katika umbo linaloshikika, hata kabla hujaisajili. Kusajili katika URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ni kujiwekea ushahidi, na ni jambo ninalokushauri ulifanye, lakini asije mtu akakwambia kwamba wimbo usiosajiliwa hauna mwenyewe.

Sasa tuje kwa redio hiyo ya Texas. Mwaka 1995 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowapa wenye rekodi na wasanii haki ya kulipwa kila rekodi zao zinapopigwa kwa njia ya dijitali. Redio za kawaida za AM na FM ziliachwa nje ya sheria hiyo, na ziko nje mpaka leo, kwa hiyo kituo cha FM cha Marekani kinapopiga wimbo hewani hulipwa mtunzi, ilhali mwimbaji hapati kitu. Kituo hichohicho kikiutiririsha wimbo huo kwenye intaneti, mwimbaji na mwenye rekodi nao wanadai chao. Mkusanyaji wa pesa hiyo ni SoundExchange, shirika lisilo la faida lililoanza kujitegemea mwaka 2003, ambalo hupokea malipo ya vituo vya intaneti, ya redio ya setilaiti ya SiriusXM, na ya huduma za aina ya Pandora ambako msikilizaji hachagui mwenyewe wimbo utakaofuata. Tofauti hiyo ya kuchagua na kutochagua ndiyo mpaka. Pesa ya Spotify, Apple Music au Boomplay, ambako mtu huutafuta wimbo kwa jina, humfikia msanii kupitia msambazaji wake. Ya redio ya intaneti kwa kawaida haipiti kwa msambazaji, isipokuwa kama ulimpa mamlaka hayo kwenye mkataba, na ndiyo maana inawezekana kabisa kwamba umekuwa ukitazama taarifa za msambazaji wako kila mwezi huku fungu lingine limelala kwingine.

Mgawo wake umewekwa na sheria. Asilimia 50 huenda kwa mwenye rekodi, asilimia 45 kwa msanii mkuu, na asilimia 5 kwa wapigaji ala na waitikiaji wasio wasanii wakuu, kupitia mfuko maalumu unaosimamiwa na vyama vya wanamuziki na waigizaji vya Marekani. Asilimia 45 hizo hulipwa msanii mwenyewe moja kwa moja, hata kama rekodi ni ya mtu mwingine, na hili ninalithamini sana katika mfumo huo. Mpigaji wako wa adungu naye ana haki ya kujiandikisha kwenye mfuko huo kwa jina lake. Mwambie, kwa kuwa hakuna atakayemwambia.

Kuhusu kiasi, ni vizuri ukijua mapema ili usije ukajenga matumaini hewani. Mwaka 2021 kiwango cha vituo vya kibiashara visivyotoza wasikilizaji ada kiliwekwa kuwa dola 0.0021 kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji, na baada ya hapo kimekuwa kikiongezwa kidogo kufuata kupanda kwa bei. Chukua kituo chenye wasikilizaji 200 kwa wakati mmoja, kiupige wimbo wako mara moja kwa siku kwa siku 300. Hiyo ni misikilizo 60,000, na kwa kiwango cha 2021 inatoa dola 126 kabla ya gharama za uendeshaji kukatwa. Mwenye rekodi atapata 63, msanii mkuu 56.70, na wapigaji wengine 6.30. Kama rekodi ni yako, mafungu mawili ya kwanza yote ni yako. Si pesa ya kununulia gari, lakini ni pesa halali inayorudi kila mwaka, na wimbo ukipigwa na vituo kumi inakuwa habari nyingine.

Kuna jambo moja linalohusu vituo vidogo, na ninashuku redio ya jumuiya ya Waafrika inaangukia hapo. Kituo kisicho cha biashara chenye wasikilizaji wachache hulipa ada ya chini ya mwaka, ambayo mwaka 2021 iliwekwa kuwa dola 1,000 kwa kila idhaa, ilimradi jumla ya saa za usikilizaji isizidi 159,140 kwa mwezi. Kituo cha namna hiyo, kikiwa cha taasisi ya elimu na chenye wasikilizaji wachache zaidi, kinaruhusiwa kuongeza dola 100 ili kisamehewe kazi ya kuandika orodha ya nyimbo kilizopiga. Kikichagua hivyo, pesa yake hugawanywa kwa kufuata orodha za vituo vingine, na wimbo wako, hata ukipigwa asubuhi na jioni, hauonekani popote. Kwa hiyo mwombe binamu yako aulize kituo maswali mawili kwa upole: je, kina leseni, na je, kinapeleka taarifa ya nyimbo? Vituo vingine hupitia jukwaa kama Live365 ambalo hushughulikia leseni zenyewe, na hapo mambo huwa mepesi zaidi.

Taarifa nayo hutegemea faili waliyonayo. Tuseme ukweli kuhusu namna nyimbo zetu zinavyosafiri: prodyuza anamaliza kazi usiku, anatuma kwenye WhatsApp faili iliyoandikwa “final mpya 2”, wewe unamtumia shemeji, shemeji anamtumia DJ wa Dallas, naye anaipakia kwenye kompyuta ya studio. Kituo kinapotoa orodha yake, kompyuta husoma kilichoandikwa ndani ya faili, na ndani ya faili hiyo hamna jina la msanii wala jina la wimbo. Kuna msimbo wa herufi na tarakimu 12 unaoitwa ISRC ambao hutambulisha rekodi moja tu duniani. Msambazaji wako alikupa msimbo huo siku ulipotoa nyimbo, nao unaonekana kwenye akaunti yako. Pia SoundExchange ina ukurasa wa kutafutia ISRC ambao mtu yeyote anaweza kuufungua. Iandae upya faili ya wimbo wako, ndani yake ujaze jina la kisanii kama lilivyo kwa msambazaji, jina la wimbo, jina la albamu na ISRC, kisha uitume kwa kituo kwa barua pepe ukiwaomba waondoe ile ya zamani. Jina lako liandikwe kwa namna moja kila mahali. Msanii anayeandikwa “Mama Feza” hapa na “Mamafeza Official” pale, kwa mtambo ni watu wawili, na kila mmoja ana nusu ya mapato.

Kujiandikisha SoundExchange hakuna ada, na Mganda anayeishi Uganda anakubaliwa. Jiandikishe kama msanii, na kama rekodi ni yako, jiandikishe pia kama mwenye rekodi, maana hizo ni nafasi mbili zenye fomu zake. Usiahirishe. Kanuni zao zinaruhusu mapato ambayo mwenyewe hakupatikana kwa miaka 3 tangu yalipogawanywa mara ya kwanza yaondolewe katika hesabu ya mhusika.

Nimeandika “kama rekodi ni yako”, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa kuwa migogoro mingi ninayoisikia kutoka kwa wasanii wetu huanzia studio. Mwingine hulipia kila kitu kwa fedha taslimu na kuondoka na rekodi bila risiti wala karatasi. Mwingine hutengenezewa mdundo kwa bei ya kirafiki na prodyuza anayeamini moyoni kwamba atapata sehemu ya mapato siku wimbo utakapovuma. Wako wanaolipiwa na promota, mfanyabiashara au mgombea wa uchaguzi, naye huondoka akijiona amenunua wimbo mzima. Na wako wanaopakua biti kutoka intaneti, wakaimba juu yake bila kusoma masharti. Hawa wa mwisho ndio wanaonitia hofu zaidi, kwa sababu biti ileile ina waimbaji wengine hamsini, na mtambo wa kutambua sauti unapogongana na madai mengi juu ya sauti moja, malipo husimamishwa mpaka pande zote zipatane.

Karatasi moja inatosha kuzuia yote hayo. Iandikwe jina la wimbo, tarehe ya kurekodi, majina ya wote kama yalivyo kwenye vitambulisho vya taifa, nani alitunga maneno na nani mahadhi na kwa asilimia ngapi, nani mwenye rekodi, prodyuza amelipwa kiasi gani na kama ana sehemu ya mapato yajayo, kisha wote watie saini. Kama wimbo ulikwisha kutoka, andikeni sasa hivi mkiwa bado mnaelewana, kwa kuwa makubaliano huwa rahisi kabla pesa haijaonekana. Prodyuza aliyeahidiwa sehemu ya mirabaha ya redio za dijitali anaweza hata kulipwa na SoundExchange moja kwa moja, ukiwapa barua ya maelekezo inayotaja asilimia yake kutoka katika fungu lako.

Kwa upande wako kuna swali la adungu. Je, ule mwanzo wa wimbo uliutunga wewe ukamwelekeza mpigaji, au aliuleta mwenyewe siku ile studio? Kama ni wake, yeye ni mtunzi mwenzako, na jina lake liingie kwenye karatasi ya mgawo. Kama ni mahadhi ya jadi yanayopigwa Nebbi na Arua tangu enzi za mababu, hakuna kati yenu anayeweza kujiita mtunzi wake, ingawa rekodi mliyoifanya ni yenu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu podikasti ya Nairobi imechukua sehemu hiyohiyo, na huwezi kumuuzia mtu ruhusa ambayo nusu yake si yako.

Upande wa tungo nitaupitia kwa ufupi. SoundExchange haishughuliki na tungo hata kidogo. Mtunzi hujiunga na chama cha ukusanyaji wa mirabaha cha nchi yake, ambacho kwetu ni UPRS, kilichoanza mwaka 1985, naye huorodhesha nyimbo zake zote pamoja na asilimia za kila mtunzi. Vyama vya namna hiyo vina mikataba na vyama vya nje, kwa hiyo mrabaha wa tungo uliokusanywa ng'ambo huwa na njia ya kurudi, mradi wimbo umeorodheshwa. Najua wasanii wengi wamekata tamaa na kiasi kinachogawanywa hapa nyumbani, na malalamiko yao nayaheshimu. Hata hivyo, asiyeorodhesha kazi zake hana hata msingi wa kudai hesabu. Vituo vya FM vya Uganda vinavyotiririsha matangazo yao kwenye intaneti navyo vinatumia kazi yako mbele ya umma kwa njia hiyo, na unapojiunga uliza waziwazi kama leseni wanazozitoa zinahusu hewani tu au mtandaoni pia. Kabla ya kutia saini, soma haki unazoziachia chama, kwa sababu zile utakazozihamisha huwezi tena kuzitoa mwenyewe.

Sasa podikasti. Ile leseni ya kisheria ya Marekani, inayoziruhusu redio za intaneti kupiga rekodi kwa kulipia bila kuomba ruhusa ya kila mwenye rekodi, imewekewa masharti yanayolenga kuhakikisha kwamba msikilizaji hajui wimbo gani unakuja lini. Kituo hakiruhusiwi kupiga nyimbo zaidi ya 4 za msanii mmoja ndani ya saa 3, na kipindi kilichohifadhiwa ambacho ni kifupi kuliko saa 5 hakimo kabisa ndani ya leseni. Podikasti ni kipindi kilichohifadhiwa, kifupi, ambacho mtu anakipakua na kukisikiliza anapotaka, miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo hata podikasti ya Houston ingekuwa nje ya mfumo huo, seuze ya Nairobi. Mwenye kipindi anahitaji ruhusa mbili za moja kwa moja, moja ya tungo na moja ya rekodi, na akikujibu kwamba amelipia leseni ya kupiga muziki hadharani, mweleze kwa heshima kwamba leseni hiyo haimruhusu kuukata wimbo wa mtu na kuufanya muziki wa kufungulia kipindi chake.

Sheria iko upande wako ng'ambo ya mpaka pia. Kenya imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1993 na Uganda tangu 2022, kwa hiyo tungo ya Mganda inalindwa Kenya kama ya Mkenya, na kwa upande wa rekodi Kenya inabanwa na makubaliano ya TRIPS ya Shirika la Biashara Duniani. Lakini usianze na vitisho. Watengenezaji wengi wa podikasti ni vijana wanaofanya kazi chumbani kwa simu na kipaza sauti kimoja, wameupenda wimbo, na hawajui kwamba walipaswa kuuliza. Waandikie hivi: “Nimefurahi kuona mmeupenda wimbo wetu. Sisi ndio wenye tungo na rekodi. Tungependa tuandikiane ruhusa ya matumizi yake, kwa vipindi mlivyokwisha kutoa na vitakavyofuata.” Hifadhi kwanza nakala za vipindi vyenyewe na tarehe zake, kabla hujaituma barua hiyo.

Ruhusa ikifika mezani, bei hutegemea mambo ambayo lazima uyaulize: kipindi kina matangazo au wadhamini? Kina wasikilizaji wangapi? Ruhusa ni ya msimu mmoja au ya kudumu? Ni sauti tu, au kinawekwa pia YouTube kama video? Unabaki huru kumpa mwingine sehemu hiyohiyo? Kwa maoni yangu, msanii anayeanza asitoe ruhusa ya kudumu kwa malipo ya mara moja, hata akishawishiwa na kiasi kikubwa kwa siku ile. Toa ya mwaka mmoja, inayoweza kuongezwa kwa bei mpya. Podikasti ya kijamii isiyoingiza kitu unaweza kuipa bure, lakini kwa maandishi, ikitaja jina lako katika kila kipindi na kuweka kiungo cha wimbo. Kipindi chenye wadhamini kilipe, na vipindi vilivyopita vihesabiwe ndani ya malipo hayo.

YouTube ina njia yake ya pekee. Jukwaa hilo lina mtambo wa Content ID unaotambua rekodi ndani ya video za watu wengine na kumpa mwenye rekodi nafasi ya kuchukua mapato ya matangazo ya video hiyo. Msanii binafsi huufikia kupitia msambazaji wake, kwa hiyo angalia kama huduma hiyo imewashwa kwenye akaunti yako. Ukishampa mtu ruhusa, mjulishe msambazaji aiondolee chaneli yake madai, la sivyo mshirika wako mpya ataona mapato yake yakichukuliwa na wewe mwenyewe uliyemruhusu. Na wenye kipindi wakikataa kabisa kukujibu, marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2019 yaliweka utaratibu wa kumpelekea mtoa huduma ya mtandao notisi ya kuondoa kazi iliyotumiwa bila idhini, naye anatakiwa kuchukua hatua ndani ya saa 48. Notisi hiyo ina masharti yake ya kisheria, hivyo iandikwe na wakili.

Kabla hujatuma fomu zozote, jua kwamba kujiandikisha SoundExchange, au kule MLC kunakokusanywa mirabaha ya watunzi ya huduma za kuchagua nyimbo za Marekani, ni bure. Mtu akikuomba shilingi laki mbili ili “akufungulie mirabaha ya Marekani”, mwambie utajaza fomu mwenyewe. Moja ya fomu hizo ni W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba hukai Marekani kwa ajili ya kodi. Uganda haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, kwa hiyo tarajia asilimia 30 ikatwe kwenye mrabaha uliotokana na Marekani kabla haujakufikia. Jina la akaunti ya benki lilingane herufi kwa herufi na jina la kwenye fomu, na kila taarifa ya malipo yenye kodi iliyokatwa uitunze, kwa kuwa mkaazi wa Uganda hutozwa kodi kwa mapato yake ya ndani na ya nje, na karatasi hiyo ndiyo utakayoionyesha mamlaka ya mapato, URA, ili kilichokwisha kulipwa Marekani kitambuliwe katika hesabu yako.